Macho Hayana Pazia: Je, Mtazamaji Ana Deni?

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Aghalabu methali hii hutumiwa na mtu anayejitetea: jambo limepita mbele yake, ameliona, na sasa analaumiwa kwa kuliona. Afanyeje? Masikio yaweza kuzibwa kwa vidole, na mdomo waweza kufungwa, lakini jicho lililo wazi hupokea kila kilicho mbele yake. Ndivyo isemavyo methali, na kwa mambo ya njiani na sokoni labda yatosha. Lakini pana mahali ambapo pazia lipo kweli, nalo hufunguliwa makusudi ili watu watazame. Mahali hapo ni jukwaani. Hapo hatuwezi tena kusema kwamba jambo lilijileta. Tumekwenda wenyewe, tumeketi, tumengoja. Je, mtu aliyekwenda kutazama ana wajibu wowote kwa yule anayetazamwa? Au akishalipa kiingilio na kupiga makofi huwa hana deni tena?

Katika makala haya nakusudia kulichungua swali hilo kwa msaada wa mashahidi wa namna mbili. Wa kwanza ni wachoraji wa chapa wa karne ya 19, wa Ulaya na wa Japani, ambao waliwachora waigizaji na watazamaji wao kwa wingi mno. Wa pili ni watu wa upande wetu huu wa mashariki ya Uganda, wa Jinja na wa Mbale, ambao wana michezo na sherehe zao, na wana mazoea yao ya kutazama na kutazamwa. Baadhi ya walimu wenzangu watauliza: chapa za Paris zinatuhusu nini sisi tunaofundisha ngeli na ushairi? Naomba subira. Jibu litafika darasani kabla makala hayajakwisha.

Maneno yenyewe

Tuanze na kilicho chetu, yaani maneno. Kiswahili hakikutupa neno moja tu la kazi ya macho. Kuona ni kupokea: hata asiyetaka huona. Kutazama ni kuelekeza macho kwa hiari. Kukodolea macho ni kutazama bila haya, hata anayetazamwa akajisikia kuwa kitu badala ya kuwa mtu. Kushuhudia ni kutazama na kukubali mzigo: shahidi ni mtu aliyeona, naye yu tayari kusimama na kusema aliyoyaona. Mtu mmoja, akiwa ameketi mahali pamoja, mbele ya mchezo mmoja, aweza kupita katika vitenzi vyote hivi vinne kwa muda wa saa moja. Kilichobadilika si macho yake, bali nia yake.

Tuna pia neno hadhira. Mzizi wake ndio uliotupa kuhudhuria, mahudhurio na hadharani. Basi hadhira, kwa asili ya neno, si kundi la macho. Ni watu waliopo. Na kuwapo si jambo dogo. Aliyehudhuria kikao anahesabiwa, na aliyehudhuria mazishi ameshiriki msiba. Lugha imekwisha kutudokezea jibu. Lakini lugha si hoja peke yake, kwa hiyo tuendelee kwa mashahidi.

Jiwe la Senefelder na kalamu ya Daumier

Mwishoni mwa karne ya 18, mjini Munich, kijana mmoja aitwaye Alois Senefelder alikuwa na shida inayofahamika na waandishi wengi: alikuwa ameandika michezo ya kuigiza, wala hakuwa na fedha za kuipiga chapa. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mwigizaji. Katika kuhangaika kwake akagundua kwamba ukichora juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta, kisha ukalilowesha jiwe kwa maji, wino hushika penye mafuta na hukataa penye maji. Karatasi ikigandamizwa juu ya jiwe hilo, picha huhamia karatasini; nayo huja kinyume, kulia ikawa kushoto, kama sura katika kioo. Ufundi huo uliitwa litografia. Yafaa tukumbuke kwamba ulizaliwa kwa ajili ya jukwaa, na kwamba tangu mwanzo ulikuwa na tabia ya kioo.

Aliyekitumia kioo hicho kuliko wengi ni Mfaransa Honoré Daumier, aliyeishi tangu 1808 hadi 1879. Picha zake za jiwe zapata 4,000, na nyingi zilitoka katika gazeti la Le Charivari la Paris. Mwaka 1832 alifungwa gerezani kwa sababu ya picha iliyomwonyesha Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya raia. Mwaka 1835 ikatungwa sheria ya kutaka kila picha ipate kibali cha serikali kabla ya kuchapwa. Mlango wa siasa ulipofungwa, Daumier aligeukia maisha ya kila siku: mahakama, barabara, na majumba ya michezo.

Na ndani ya jumba la michezo alifanya jambo lisilotazamiwa. Mara nyingi alilipa jukwaa kisogo, akawachora waliokuja kutazama. Yuko anayelia kwa kisa ambacho anajua si cha kweli. Yuko anayesinzia katika kiti cha bei kubwa. Wako wa viti vya juu kabisa, vya bei rahisi, wamebanana na kuinama mbele, vinywa wazi, kana kwamba maisha yao wenyewe yanaamuliwa pale chini. Kabla hatujajua ni mchezo gani unaochezwa, tumekwisha kujua ni watu gani wanaoutazama.

Je, ilikuwa haki? Mtu aweza kulalamika hivi: watazamaji hawa walilipa ili watazame, hawakulipa ili watazamwe. Mwigizaji amekubali kuonekana. Ndiyo kazi yake. Lakini mama anayelia gizani hakumpa mtu ruhusa. Lalamiko hili lina uzito, na hatupaswi kulipuuza kwa sababu tu picha ni nzuri. Hata hivyo, nionavyo mimi, yako mambo mawili yanayomtetea Daumier. La kwanza, hakuwachora kwa majina; alichora tabia. Aliyejitambua alijitambua kwa hiari yake. La pili, na ndilo kubwa zaidi, picha hizi zilirudi kwa watu wale wale. Mnunuzi wa gazeti alikuwa ndiye mtazamaji wa mchezo. Jioni alicheka jukwaa, na asubuhi alijicheka mwenyewe. Kioo hakikufichwa.

Hapa twapata kanuni ya kwanza: picha ya mtu ina haki zaidi pale mwenye picha anapoweza kuiona na kuijibu. Tuipime kanuni hii kwa mwigizaji mwenyewe. Mwaka 1894 Henri de Toulouse-Lautrec alitoa kitabu cha picha 16 za jiwe za mwimbaji Yvette Guilbert, aliyekuwa mashuhuri Paris kwa glavu zake ndefu nyeusi. Lautrec hakumrembesha. Alimpa shingo ndefu, kidevu kilichochongoka, na tabasamu lenye uchovu. Guilbert alinung'unika kwamba anachorwa vibaya mno. Hata hivyo nakala 100 za kitabu kile zilitoka zikiwa na saini yake. Hatuna haja ya kuingia moyoni mwake na kudai kwamba twajua sababu. Yatosha kwamba alikuwa na nafasi ya kunung'unika na nafasi ya kutia saini. Alikuwa mtu katika mazungumzo, si kitu kilichookotwa.

Wajapani na ukuta uliochorwachorwa

Katika miji mikubwa ya Japani, hasa Edo, ambayo leo ni Tokyo, chapa hazikupigwa kwa jiwe bali kwa mbao. Mmoja alichora, mwingine alichonga ubao, wa tatu alipaka rangi na kugandamiza karatasi, na mchapishaji alitoa mtaji. Chapa za waigizaji wa kabuki ziliuzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Shabiki aliweza kurudi nyumbani na uso wa mwigizaji wake, akaubandika ukutani.

Mwaka 1842 serikali ya shogun ilipiga marufuku chapa za waigizaji, kwa hoja kwamba zinaharibu maadili na kueneza anasa. Katika mwaka huo huo mwigizaji mkuu, Ichikawa Danjuro wa Saba, alifukuzwa Edo kwa kosa la maisha ya kifahari. Basi mchoraji Utagawa Kuniyoshi akabuni hila. Miaka michache baada ya marufuku alitoa chapa zilizoonyesha ukuta wa ghala, na juu ya ukuta vichwa vilivyokwaruzwa ovyo kama michoro ya watoto watundu. Kumbe kila kichwa kilikuwa uso wa mwigizaji fulani, na watazamaji waliwatambua. Sheria ilikataza kuchora waigizaji; haikukataza kuchora ukuta uliochafuliwa! Hila hiyo isingefaa kitu kama wanunuzi wasingezijua nyuso zile kwa moyo. Hadhira ilikuwa mshiriki wa mchoraji. Ilikamilisha kwa kumbukumbu kile ambacho mkono haukuruhusiwa kukisema.

Lakini upendo wa hadhira nao una kivuli chake. Mwaka 1854 Danjuro wa Nane, mtoto wa yule aliyefukuzwa, kijana mzuri aliyependwa kupita kiasi, alijiua mjini Osaka. Mara zikatoka chapa za maombolezo, mamia ya michoro mbalimbali, na baadhi zikaonyesha umati wa wanawake wakimlilia. Ni heshima hiyo, hapana shaka. Ni biashara pia. Twabaki na swali gumu: watu waliomjua sana uso wake, je, walimjua yeye? Kupendwa na macho elfu si sawa na kuonwa na mtu mmoja.

Saa moja mbele ya Kabaka

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Februari 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika katika kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku ile ya kwanza waliketi muda mrefu wakitazamana, bila mazungumzo. Hatimaye Kabaka akamtuma mjumbe kumwuliza mgeni kama amekwisha kumwona. Speke akajibu kwamba amemwona kwa saa nzima. Ndipo Kabaka alipoinuka akaondoka, kwa ule mwendo wa kuiga simba ambao ulikuwa desturi ya ukoo wake.

Kisa hiki husomwa kama kichekesho. Mimi nakiona kuwa somo. Katika baraza lile, kuonana kulikuwa tendo lenye uzito wake. Aliyetazamwa alitaka kujua kama ametazamwa sawasawa, na aliyetazama alipaswa kujibu. Isitoshe, ni nani aliyekuwa mwigizaji na ni nani aliyekuwa mtazamaji? Mgeni alidhani amekuja kutazama nchi. Wenyeji walikuwa wamejaa kumtazama yeye, ndevu zake, nguo zake na kiti chake. Kwa saa ile moja mizani ilikuwa sawa.

Mizani ilipotea baadaye, kitabu kilipochapwa. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, kikiwa na picha nyingi zilizotokana hasa na michoro ya mwenzake, James Augustus Grant. Michoro hiyo ilipita katika mikono ya mafundi wa Uingereza, walioichora upya na kuichonga juu ya mbao bila kuwa wamezitembelea nchi hizi. Imo hata picha ya Grant akicheza ngoma na Ukulima katika nchi ya Wanyamwezi, Mzungu akiwa ndiye mchezaji na wenyeji wakiwa ndio watazamaji. Wasomaji wa London waliitazama na kucheka. Lakini waliochorwa hawakuwa miongoni mwa wasomaji. Hawakuweza kusema kama Guilbert, "Umenichora vibaya." Kanuni yetu ya kwanza ilivunjwa, si kwa ubaya wa mkono wa Grant, bali kwa sababu kioo kilipelekwa upande mmoja tu wa bahari.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaani. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika kwenye maporomoko karibu na mahali ilipo Jinja leo, akayapa jina la Ripon. Kitabu chake kina picha ya maporomoko yale. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, maji yaliyafunika. Mtoto wa Jinja anayetaka kuona jinsi Nile ilivyoruka mawe pale inapotoka ziwani itambidi atafute picha za zamani, na chapa ile ni mojawapo. Chapa, hata iliyochongwa na mgeni, hutunza. Nitalirudia neno hilo, kutunza, kwa maana ndani yake mna ufunguo.

Mtazamaji mwenye rungu

Kabla ya kufika Mbale, lazima nimtaje mtazamaji wa namna ya pekee: mtawala. Daumier aliyefungwa, Danjuro aliyefukuzwa, wote waliangushwa na mtazamaji aliyekuwa na rungu mkononi. Sisi Waganda tunalo jeraha letu. Byron Kawadwa, mwandishi na mkurugenzi wa jumba letu la taifa la michezo mjini Kampala, aliupeleka mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika mjini Lagos mwaka 1977. Katika mwaka huo huo, baada ya kurudi, alikamatwa na kuuawa na watu wa utawala wa Idi Amin.

Mtawala wa namna hiyo hutazama vizuri sana. Pengine hutazama kwa makini kuliko sote. Anachokataa ni kujiona. Mtazamaji wa Daumier alipojiona alicheka. Mtazamaji mwenye rungu anapojiona hupasua kioo, na akishindwa kukipasua humwua aliyekishika. Basi kanuni ya pili ni hii: anayetazama awe tayari kuonwa na kile anachokitazama. Asiye tayari hana ustahili wa kuitwa hadhira, hata akiketi katika kiti cha mbele.

Mbale: hadhira iliyojaa

Watu wa Mbale na wilaya za jirani hawahitaji kufundishwa nguvu ya hadhira. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Wamasaba, au Wagisu, hufanya imbalu, sherehe ya tohara ya vijana, ambayo hufunguliwa rasmi mwezi wa Agosti huko Mutoto karibu na mji. Ngoma za kadodi husikika barabarani, kijana huzungukia jamaa zake akicheza na kuwaalika, na siku yake ikifika husimama wima mbele ya watu, bila kutikisika, mpaka kazi iishe.

Jukwaa la Paris lilikuwa na uongo uliokubaliwa: mwigizaji aliyekufa aliamka akainama kupokea makofi. Katika imbalu hakuna anayejifanya. Kisu ni kisu. Kwa hiyo wale wanaozunguka uwanja si watazamaji wa burudani, ni mashahidi. Bila wao kijana amepata jeraha tu. Kwa kuwapo kwao amekuwa mtu mzima. Miaka ishirini baadaye akisema neno barazani, wapo watakaokumbuka jinsi alivyosimama.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana makala ya maadili yasiyosema upande wa pili ni hotuba ya mshindi. Umati huo huo unaompa kijana ujasiri humziba pia njia ya kurudi. Je, aliyesimama imara kwa sababu aliogopa aibu amechagua? Wapo wasemao kwamba hakuna ujasiri pasipo macho ya watu; wapo wasemao kwamba macho ya watu ni kamba. Nadhani wote wawili wana haki, na kwamba tofauti imo katika swali hili: je, walio uwanjani watamtunza kijana huyo kesho? Shahidi anayebaki naye, anayemwuguza, anayemwongoza, ana haki ya kutazama leo. Anayefika na simu yake, akapiga picha ya uso wa kijana katika saa ya uchungu, akaisambaza kwa watu wasiomjua jina, kisha akaondoka na basi la jioni, huyo hakushuhudia. Alikodoa macho. Amerudia kosa la kile kitabu cha 1863, akiwa na chombo chepesi zaidi.

Jinja: hadhira iliyotoweka

Jinja inatupa fundisho la kinyume. Wasoga wana muziki uitwao bigwala, yaani baragumu za vibuyu, ambazo kila moja hutoa sauti moja tu. Wapigaji watano au zaidi lazima wapokezane ili wimbo upatikane; mmoja akikosekana, pengo husikika. Bigwala ilipigwa hasa katika shughuli za ufalme. Falme zilipofutwa kwa katiba ya 1967, shughuli zile zilikoma. Hakuna aliyevunja vibuyu kwa nguvu. Hapakuwa na mahali pa kuvipiga, wala watu wa kuvisikiliza. Ingawa taasisi za jadi zilirudishwa katika miaka ya 1990, mwaka 2012, UNESCO ilipouingiza muziki huo katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, ilielezwa kwamba mabingwa wazee wa bigwala waliobaki walikuwa wanne tu. Tangu hapo vijana wameanza kufundishwa, hata mbegu za vibuyu vinavyofaa zikapandwa tena.

Mbale inatuonyesha kwamba hadhira yaweza kubana. Jinja inatuonyesha kwamba kutokuwapo kwake kwaweza kuua. Sanaa ya bigwala haikufa kwa kutazamwa vibaya, ilikaribia kufa kwa kutotazamwa. Kwa hiyo hatuwezi kulitatua swali letu kwa kuwaambia watu wafumbe macho. Asiyetazama kabisa naye ana deni. Pengine deni lake ndilo kubwa zaidi.

Darasani

Sasa nimefika niliposema nitafika. Mwalimu mwenzangu, kila siku wewe unaendesha jukwaa. Unamwambia mwanafunzi, "Simama, usome." Anasimama. Nyuma yake kuna watu arobaini, sitini, au zaidi. Anafungua kinywa, anasema "kitabu yangu." Kwa nusu sekunde darasa zima halijaamua la kufanya.

Katika nchi yetu nusu sekunde hiyo ina uzito wake. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya pili rasmi kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini nyumba nyingi bado zinakikumbuka kama lugha ya vizuizi vya barabarani na ya amri za kijeshi. Mtoto wa Mbale ana Kimasaba chake, wa Jinja ana Kisoga chake, na wote wana Kiganda cha mjini na Kiingereza cha mtihani. Anayesimama kusema Kiswahili mbele ya wenzake anacheza ngoma ambayo wengi nyumbani kwake hawaichezi. Wakimcheka, ataketi, na si rahisi asimame tena. Kosa la upatanisho wa ngeli hurekebishwa kwa dakika moja. Kicheko hakirekebishwi kwa muhula mzima.

Tunaweka juhudi nyingi katika kumfundisha anayesema. Je, tunawafundisha wanaosikiliza? Tukifanya igizo la Kinjeketile, tunachagua waigizaji kumi, na waliobaki tunawaambia wakae kimya. Kukaa kimya si somo. Napendekeza kila igizo liwe na kazi mbili: waliocheza wapimwe kwa kucheza kwao, na waliotazama wapimwe kwa kutazama kwao. Mtazamaji aandike ukurasa mmoja: nani alisema neno ambalo wewe usingethubutu kulisema? Wapi ulicheka, na ulimcheka nani, mhusika au mwenzako? Anayechora vizuri apewe karatasi awachore watazamaji, kama Daumier, kisha picha ibandikwe ukutani ili waliochorwa waione na kuijibu. Kwa njia hiyo darasa litajifunza kanuni zetu mbili bila kuhubiriwa.

Mcheza kwao hutunzwa

Tulianza na methali, na methali nyingine itusaidie kuhitimisha: mcheza kwao hutunzwa. Kila mwalimu ameifundisha. Kutunza hapa, kwa maana ya kwanza, ni kumtuza mchezaji, kumpa zawadi uwanjani. Lakini kutunza ni pia kuhifadhi kisipotee, na ni pia kulea. Maana hizo tatu zimekaa katika neno moja, nami naamini hazikukutana kwa bahati. Kumpa mchezaji makofi, kumhifadhi katika kumbukumbu, na kumlea baada ya ngoma kwisha ni kazi moja, na ndiyo deni la mtazamaji.

Pima mashahidi wetu wote kwa kipimo hicho. Wanunuzi wa Edo walizihifadhi nyuso za waigizaji wao wakati wa marufuku, lakini kuna swali kama walimlea Danjuro wa Nane. Wasomaji wa kitabu cha Speke walifurahia bila kutunza. Mashahidi wa imbalu hutunza kama wanabaki baada ya ngoma. Jinja karibu isahau kutunza, kisha ikakumbuka.

Na neno "kwao" lisitupite. Methali haikusema kwamba kila mchezaji hutunzwa. Ilisema mcheza kwao. Basi kazi ya hadhira njema ni kumfanya anayecheza ajione yuko kwao, hata kama amesimama mbali na mlango wa mama yake, hata kama lugha iliyo kinywani mwake ameianza mwaka huu. Kweli macho hayana pazia. Lakini nyuma ya macho pana mtu, na mtu huyo anaweza kuchagua atamfanya nini aliyemwona. Kesho asubuhi mwanafunzi atasimama na kusema "kitabu yangu." Tuwe tumekwisha kuwafundisha wale wengine hamsini na tisa nini cha kufanya katika nusu sekunde ile.